Umemaliza kozi ya kwanza ya gitaa la besi? Hii ndio rada ya kujifunza sasa

Sawa, umemaliza. Video ya mwisho ya kozi imeisha, vidole vimeacha kuuma, unajua nyuzi zako nne, E, A, D na G, unaweza kuchapa skeli ya meja ukipanda na kushuka, na kuna ngoma mbili tatu unazipiga hadi mwisho. Hongera, juu wasee wengi huanza besi na kuiwacha wiki ya tatu.

Sasa swali ni, next ni gani? Hapa ndio wengi hupotea. Unaingia YouTube, unapatana na jamaa anachapa slapu kasi ya radi, unajaribu, inakataa. Kesho unacheki mwingine anafunza jazi. Kesho kutwa mwingine anakuuzia kozi ya pili. Miezi miwili baadaye uko na vipande ishirini vya ngoma, hakuna hata moja umemaliza, na gitaa limeanza kushika vumbi nyuma ya mlango wa keja.

Kuna kitu unapoteza hapo. Besi si kama gitaa la kawaida, lile unaweza kukaa nalo kitandani ukaimba peke yako ukaridhika. Besi hufanya kazi ikiwa na watu. Siku moja mpiga besi wa kanisa lenu atasafiri, ama bendi ya mtaa itakosa mtu Ijumaa jioni, na mtu atasema, "Si huyo msee hupiga besi?" Utapewa nusu saa ya kujipanga. Hakuna karatasi ya namba za freti. Anayeimba atataja kii, na kuna uwezekano ataibadilisha mkiwa katikati. Ukishikilia, namba yako itasaviwa. Ukipotea, watakupigia makofi ya huruma na wiki ijayo wataita mtu mwingine.

Kwa hivyo panga masomo yako na hiyo nusu saa kichwani. Mambo ni matatu makubwa: kushika mdundo, kusikia ngoma inaenda wapi, na kujua staili zenye watu wa huku wanacheza. Mengine yatangoja.

1. Mdundo kwanza, noti baadaye

Mpiga besi akikosa noti moja, wachache watajua. Akianza kukimbia ama kuburuta, hata shosho aliyekaa nyuma kabisa atashindwa kupiga makofi. Ndio maana hii iko namba moja.

Tafuta metronomu kwa simu, ziko za bure kibao. Iweke 60, yaani mlio mmoja kila sekunde. Piga noti moja tu, G, freti ya tatu kwa uzi wa E, kila mlio, kwa dakika mbili. Inakaa rahisi hadi ujaribu. Ukiwa umegonga pale pale, mlio wa metronomu unaanza kupotea chini ya noti yako. Ukiusikia wazi kila mara, uko mbele yake ama nyuma yake.

Ikishakubali, shuka hadi 40, lakini usihesabu mlio kama moja. Uhesabu kama mbili na nne, pale ambapo dramu ya snea hupigwa kwa ngoma nyingi. Sasa ngoma yako inaenda kwa 80, na moja na tatu unazibeba mwenyewe bila msaada. Siku ya kwanza utachanganyikiwa. Wiki ya pili utaanza kuhisi mdundo uko mwilini na hauko tena kwa simu.

Kitu kingine chenye kozi nyingi hupita haraka ni urefu wa noti. Noti inaanza na kidole cha kulia, lakini inaisha na mkono wa kushoto ukilegeza uzi. Piga mstari ule ule mara mbili, kwanza ukiacha kila noti ilie hadi ya pili ianze, halafu ukiikata katikati. Noti ni zile zile lakini ngoma ni tofauti kabisa. Na nyuzi zenye hupigi zinyamazishe kwa vidole, juu ampu ikiwa kubwa zitanguruma zenyewe kama matatu ya zamani.

2. Fanya urafiki na mguu wa mpiga dramu

Kwa bendi, mtu wako wa karibu ni yule wa dramu. Sikiza dramu kubwa anayopiga kwa mguu. Chukua ngoma yoyote unayopenda, usiguse gitaa, na kwa mara ya kwanza pigapiga goti lako kila mara hiyo dramu ikilia. Halafu sikiza tena na uulize: besi inagonga pamoja nayo, inaijibu, ama inaiachia nafasi?

Kuna sababu besi na dramu zikishikana watu hucheza. Masikio yanasikia mlio mmoja mkubwa: dramu inatoa ule mgongo, besi inatoa noti. Zikiachana kidogo tu, ngoma inakaa ni kama imefungwa na kamba. Ukiwa kwa steji, simama mahali unamwona mpiga dramu. Akipandisha mkono kufunga ngoma, unafunga naye.

3. Jua shingo ya gitaa yako kama unavyojua mtaa

Kozi ya kwanza hukufunza mahali ngoma fulani iko. Sasa unafaa ujue kila noti inaishi wapi. Hadi freti ya 12, nyuzi nne zinakupa nafasi 48, ukiacha zile za wazi. Lakini majina ni 12 tu, yanajirudia.

Fanya noti moja kila siku. Leo ni G: uzi wa E freti ya 3, uzi wa A freti ya 10, uzi wa D freti ya 5, uzi wa G ukiwa wazi na tena freti ya 12. Zipige zote bila kuangalia chini, huku metronomu inalia. Kesho unachukua C. Ndani ya wiki mbili umemaliza zote.

Halafu shika maumbo mawili. Oktavu, yaani noti ile ile ikiwa juu zaidi, iko nyuzi mbili mbele na freti mbili juu. Noti ya tano iko uzi mmoja mbele na freti mbili juu. Ukiwa na noti ya msingi, ya tano na oktavu, unaweza kusindikiza sehemu kubwa ya ngoma zinazopigwa Kenya bila mtu kulalamika.

4. Solfa na namba: hapa ndio pesa iko

Kama ulipitia kwaya ya shule, tamasha za muziki ama kanisa, tayari una silaha yenye wasee wengi wa YouTube hawana: do, re, mi, fa, so, la, ti. Usiitupe. Ipe namba tu. Do ni moja, fa ni nne, so ni tano, la ni sita.

Ngoma nyingi za kanisa, za reggae na za rhumba zinazunguka kwa kodi tatu, moja, nne na tano. (Kodi za muziki, si ile landlodi anakudai.) Ukiongeza ya sita, ambayo ni maina, umefungua mlango wa ngoma nyingi za pop. Kwa kii ya G hizo ni G, C, D na E maina. Kwa kii ya C ni C, F, G na A maina.

Kwa nini namba zina maana? Juu anayeimba akiamka na koo imekauka, atasema, "Leo tushushe hadi F." Mtu aliyekariri majina ya kodi ataanza kuhesabu na vidole. Wewe unajua ngoma ni moja, nne, sita, tano. Unasogeza mkono freti mbili chini na umbo linabaki lile lile. Hapa besi iko na bahati, mpiga kinanda lazima abadilishe vidole vyote.

Mtindo huu si wa huku pekee. Wanamuziki wa studio za Nashville, Marekani, wameutumia tangu mwisho wa miaka ya 1950, ndio waweze kurekodi haraka bila kuandika noti. Huku, bendi nyingi huonyeshana vidole: vidole vinne, unaenda kwa nne. Ukiona mkono wa kiongozi umeenda nyuma ya mgongo, angalia vizuri, pengine anakuambia kitu.

5. Wacha karatasi, tumia masikio

Hii ndio itakuuma zaidi, na ndio itakubeba. Kuanzia leo, ngoma mpya moja kila wiki, kwa masikio pekee. Iko hivi:

Kwanza vaa earphone. Uzi wa E ukiwa wazi unatoa sauti ya karibu 41 Hz, na spika ndogo ya simu haiwezi kushuka huko. Wasee wengi wanasema "siskii besi" na shida ni spika, si masikio.

Pili, tafuta nyumbani. Cheza ngoma, kisha imba kwa mdomo ile noti ambayo ngoma ikiishia hapo unahisi imepumzika. Itafute kwa gitaa. Hiyo ndio do yako.

Tatu, tafuta tu mahali kodi inabadilika. Piga noti moja ya msingi kwa kila kodi, hakuna mapambo. Andika namba kwa daftari: ubeti ni 1, 4, 1, 5, korasi ni 4, 5, 1.

Nne, sasa ndio ufuate mstari wenyewe wa besi. Punguza kasi hadi 0.75 kwa YouTube, kii haitabadilika. Imba mstari kwanza, ndio uutafute kwa vidole. Kama huwezi kuuimba, bado hujausikia.

Ngoma ya kwanza inaweza kukula siku nne. Usikate tamaa, ya kumi itachukua jioni moja, na siku moja utajipata kwa matatu unataja namba za ngoma inayopigwa na dereva.

6. Staili nne zenye zitakupea kazi

Reggae. Anza na Aston "Family Man" Barrett, mpiga besi wa Bob Marley and the Wailers, aliyefariki mwaka wa 2024. Alikuwa akifanya kazi na ndugu yake Carlton kwa dramu. Kwa mdundo wa one drop, uzito wa dramu uko kwa mpigo wa tatu, na wa kwanza mara nyingi unaachwa mtupu. Besi inaimba wimbo wake mdogo, inanyamaza, inarudi. Somo lako hapa ni kimya. Ukijaza kila nafasi, umeua reggae. Punguza pia sauti za juu kwa gitaa lako hadi ibaki mviringo.

Rhumba. Chukua Sina Makosa ya Les Wanyika, bendi iliyotokana na Simba Wanyika mwaka wa 1978 hapa Nairobi, na Tom Malanga akiwa kwa besi. Sikiza vile kifungu kimoja kifupi kinarudiwa na kurudiwa, kikiwa na pumziko ndani yake, na bado hakichoshi. Ukijaribu kukipiga dakika sita bila kuongeza wala kupunguza, utaelewa ugumu wake. Kisha fuata rhumba ya Congo na ujifunze sebene, ile sehemu ngoma inapanda, magitaa yanawaka na watu wanaacha viti. Besi hubadilika hapo, na lazima usikie ishara kabla haijafika.

Benga. Hii ni ya nyumbani kabisa. Magitaa ya benga yamechukua mtindo wao kwa nyatiti, ala ya Waluo yenye nyuzi nane, na besi haikai nyuma. Inaongea na gitaa la solo, iko mbele na iko mbio. Anza na D.O. Misiani na Shirati Jazz. Misiani alizaliwa Shirati, upande wa Tanzania, akajenga jina lake Kenya hadi alipofariki mwaka wa 2006. Kodi ni chache, lakini mkono wa kulia utaomba msamaha. Zoeza vidole viwili kupokezana sawasawa, polepole kwanza, halafu ongeza metronomu tano tano.

Gospel. Hapa ndio vijana wengi hupata steji ya kwanza. Jifunze noti za kupitia. Ukitoka moja kwenda nne kwa kii ya G, badala ya kuruka, tembea: G, A, B, halafu C igonge pamoja na dramu. Ni do, re, mi, fa tu. Usitembee kila saa. Mhubiri akianza kuomba, shika noti ndefu na utulie.

Na usidhani staili za nyumbani ni za kukuzuia. Paul Simon alipoenda Johannesburg mwaka wa 1985 kurekodi, aliyeshika besi kwa sehemu kubwa ya kazi hiyo alikuwa Bakithi Kumalo, kijana wa Afrika Kusini. Albamu ya Graceland ilipotoka mwaka wa 1986, dunia nzima ilisikia besi iliyolelewa na muziki wa kwao.

7. Vitu vya kungoja kidogo

Slapu ni tamu, na itakuja. Lakini jua ilitoka wapi. Larry Graham alikuwa akipiga na mamake miaka ya 1960 bila mpiga dramu, akaanza kugonga nyuzi kwa kidole gumba na kuzivuta kwa kidole kingine ndio azibe hilo pengo. Kama bendi yako iko na dramu, hilo pengo halipo bado.

Gitaa la nyuzi tano pia lingoje. Uzi wa tano unakupa B ya chini, ni muhimu kwa gospel ya kisasa, lakini kwanza maliza hizo nne. Na kabla uteremke Luthuli kununua pedali, kumbuka James Jamerson, aliyepiga besi ya ngoma nyingi za Motown kule Detroit, alitumia kidole kimoja tu cha mkono wa kulia. Pesa yako ya kwanza iende kwa seti mpya ya nyuzi, kebo yako mwenyewe, kifaa cha kutuni na mkanda mpana wa bega.

Ongeza plagi za masikio. Kelele ya desibeli 85 inahesabiwa salama kwa karibu masaa manane, na kila ikipanda desibeli tatu, huo muda unakatwa nusu. Kando ya dramu na ampu mnapita hapo haraka sana. Masikio yakianza kulia "ziii" baada ya mazoezi, hiyo ni onyo. Ndio kazi yako yote, yatunze.

8. Toka nje ya keja

Metronomu haikosei, lakini watu hukosea, na lazima uzoee kupiga na watu. Tafuta mtu mmoja wa dramu, hata kama ni kahoni na ndoo, mkae saa moja kila wiki. Nenda mazoezi ya kanisa katikati ya wiki na uombe kukaa kando ya mpiga besi. Beba daftari, andika namba. Kama unataka darasa na mwalimu, Kenya Conservatoire of Music iko Nairobi tangu mwaka wa 1944, na kuna mitihani ya gredi ya besi kama ya Rockschool na Trinity kwa wale wanataka cheti. Cheti ni poa, lakini bendi itakusikiza kwanza.

Ukialikwa, fika mapema, uwe umetuni kabla wengine waanze, na usipigepige wakati mtu anaongea. Kama kuna malipo, uliza ni ngapi kabla ya siku, kwa heshima. Hizi vitu ndogo ndio huamua nani anaitwa tena kati ya watu wawili wenye wanapiga sawa.

Mpango wa miezi mitatu

Dakika 40 kwa siku zinatosha, mradi ziwe kila siku. Kumi za mdundo, tano za kutafuta noti kwa shingo, kumi na tano za ngoma ya wiki kwa masikio, kumi za kurudia ngoma ulizokwisha shika. Mwezi wa kwanza weka reggae, wa pili rhumba na gospel, wa tatu benga. Kila Jumapili jioni jirekodi na simu, usikize kesho yake ukiwa umetulia. Utasikia mahali unakimbia.

Mwisho wa miezi mitatu, fanya mtihani huu. Mwambie rafiki achague ngoma ya kodi tatu ambayo hujawahi kuipiga. Aicheze kwa spika. Kabla ubeti wa kwanza uishe uwe umepata kii, kabla korasi ya pili uwe unajua namba zote, na usisimame hata ukikosea, hadi ngoma iishe. Ukiweza hiyo, mpigie yule wa dramu kanisani umwambie uko tayari. Ukishindwa, angalia ni wapi ulipotea, mdundo ama masikio, na upee hapo wiki mbili zaidi kabla ujaribu ngoma nyingine.